Maua Mia Tatu na Kumi na Mawili

3 Machi

Binti yangu,

Kosa ulilolikuta kwenye daftari la kituo, ukurasa wa arobaini na moja, halikuwa la mama yako. Nimelificha hilo kwa miaka thelathini na minane, na hata wanangu wa kuwazaa hawalijui.

Barua yako niliipata Januari. Niliisoma mara moja nikaiweka chini ya kopo la dawa, na kila muuguzi alipokuja kunipima presha alinyanyua kopo na kuuliza kama barua hiyo haina mwenyewe. Nikawa namwambia inajibiwa. Wiki iliyopita daktari alinieleza habari za moyo wangu kwa sauti ya upole mno, ile wanayoitoa wakishaishiwa dawa. Basi nimekaa kitako kukujibu.

Unaniuliza kama mtaalamu anavyomuuliza mtaalamu mwenzake: slaidi za pamba ya kawaida na za Kipara zilitengenezwa kutoka maua ya umri gani, na kwa nini pembeni mwa ukurasa nimeandika kwamba msaidizi alichanganya alama na kwamba matokeo yasitumike. Una adabu, hukuniuliza msaidizi huyo alikuwa nani. Lakini mwishoni umejiita "Binti wa Nyuzi", na mimi nikaelewa kwamba unamjua vizuri.

Kituo kizima tulimwita mama yako Nyuzi, kwa sababu msimu wa maua ukifika alipita mistarini asubuhi yote akifunga uzi kwenye vikonyo, na vidole vyake vilikuwa vyepesi hata ua halikutikisika. Mimi waliniita Lenzi. Nilitembea na lenzi ya mkono shingoni, nikiinama kila hatua tatu kama mtu aliyedondosha pete. Kipara ulikuwa ule ukoo wa pamba ambao mbegu zake zilitoka laini, hazina unyoya hata mmoja. Jina walilipa vibarua. Kwa kuwa mkuu wa kituo naye hakuwa na unywele kichwani, ilibidi jina hilo litajwe kwa tahadhari. Siku moja alipita dirishani tukiwa tunabishana kama Kipara apunguziwe maji ama aachwe anyauke taratibu. Mama yako alijificha nyuma ya kabati la chupa akiwa ameziba mdomo kwa koti lake, na mimi ndiye niliyebaki kueleza.

Tulichokuwa tunakitafuta wewe unakijua kuliko mimi. Kila uzi wa pamba ni seli moja tu. Seli iliyokuwa imelala bapa kwenye ngozi ya mbegu changa, pamoja na jirani zake, halafu siku ua linapofunguka inavimba, inanyanyuka, na kuanza kurefuka mpaka inapita urefu wa pingili ya kidole. Katika kila seli nne, moja inanyanyuka na tatu zinabaki zimelala. Nani ameichagua hiyo moja? Hilo ndilo lililotutoa vitandani alfajiri. Tulidhani tukimwelewa Kipara, ambaye seli zake zilikataa kuamka, tutamwelewa na yule anayeamka.

Asubuhi ile ya tarehe kumi na nne mama yako hakuwepo shambani. Ilikuwa kwa ruhusa yangu. Maua yote mia tatu na kumi na mawili niliyafunga mimi, na niliyafunga vibaya; aliyefukuzwa kazi ni yeye.

Hayo ndiyo. Mkono umechoka.

Wako,
Lenzi

14 Machi

Shikamoo Babu Lenzi,

Barua yako nimeisoma nimesimama mlangoni mwa maabara, nikiwa na glavu mkono mmoja. Mwenzangu akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia sijui bado.

Nataka kukasirika, na nitakasirika nikipata nafasi. Kwa sasa nina haraka, na haraka yangu utaielewa.

Mama yuko hai, mzima, anaishi kwangu na anatawala. Sikuwahi kujua kwamba alifukuzwa. Nikiwa mdogo nikimuuliza kwa nini aliacha kazi ya kituo, alikuwa anasema maua yalimchosha. Alifanya kazi miaka ishirini na mmoja kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akikunja mashuka, na mpaka leo hakuna mtu nyumbani anayeruhusiwa kukunja shuka mbele yake. Nilipochagua kusomea pamba nilidhani atafurahi. Alinitazama tu, akasema, "Basi ukaangalie vizuri." Sijamwonyesha barua yako. Naomba kwanza nielewe mwenyewe.

Sasa nikueleze tulikofika. Ukoo wa Kipara ulikufa. Chumba cha baridi cha kituo kilizimika miaka mingi iliyopita na mbegu zote zikapoteza uhai. Lakini mbegu iliyokufa bado ina jeni zake, na tumezikuta bahasha nne zenye mwandiko wako. Tumezisaga na kumsoma Kipara mzima, herufi kwa herufi. Nilitegemea kukuta jeni iliyovunjika. Hakuna. Ile jeni inayoziamsha seli za nyuzi, ambayo kwa pamba ya kawaida huanza kuwaka kabla hata ua halijafunguka, kwa Kipara ipo nzima kabisa. Kilichopungua ni kipande kidogo mbele yake, mahali pa kuiwashia. Ni taa nzima yenye swichi mbovu.

Sasa je, swichi hiyo haiwashi kabisa, au inawasha ikiwa imechelewa? Kwenye mbegu iliyokufa hilo halisomeki. Lazima mtu awe ameziangalia seli zenyewe, siku kwa siku, mmea ukiwa hai. Duniani kote ninazo slaidi zenu tu, na zinasema upuuzi. Kwa mujibu wa lebo, seli za Kipara zilivimba siku ya pili baada ya ua kufunguka, na siku ya tatu hakuna hata moja iliyovimba. Seli haiwezi kuvimba leo halafu kesho ikatubu.

Ila nikizigeuza lebo, siku ya pili ikawa ya tatu na ya tatu ikawa ya pili, kila kitu kinakaa sawa. Kipara hakuwa mgumba. Alichelewa, na nyuzi zilizochelewa hazikupata kurefuka. Hili hakuna aliyewahi kulionyesha.

Swali langu basi ni moja. Ulivyofunga vibaya, ulikosea yote au baadhi? Kama ni yote, naweza kuzigeuza. Kama ni baadhi, slaidi zako ni vioo vya kutupa. Mkuu wetu wa maabara anataka jibu kabla ya mwisho wa Aprili, la sivyo sura ya Kipara inaondolewa kwenye ripoti yetu, na mimi kazi ya miaka mitatu narudi nayo mwanzo.

Pia nataka kujua mama alikuwa wapi.

Wako,
Binti wa Nyuzi

25 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mama yako alikuwa na wewe. Ulikuwa na umri wa mwaka mmoja na miezi, na homa iliyokufanya ukakamae. Alikuja mlangoni kwangu alfajiri akiwa amekubeba, hajavaa koti, akasema anakwenda hospitali hata kama nikikataa. Msimu wa maua hakuna aliyeruhusiwa kukosa; hiyo ilikuwa amri ya mkuu. Nikamwambia aende, mimi nitamsainia. Mlilazwa siku tatu, na siku zote tatu kitabu cha mahudhurio kilionyesha yuko shambani.

Nakumbuka asubuhi zile kuliko ninavyokumbuka nilichokula jana. Umande ulitulowesha mpaka magotini. Ua la pamba linafunguka na jua, rangi ya maziwa, na linaishi siku moja. Kesho yake linajifunga na kugeuka rangi, linakuwa la waridi. Kila aliyeajiriwa shambani aliambiwa hivyo siku ya kwanza: jeupe la leo, la waridi la jana. La leo linafungwa uzi mwekundu, la jana uzi wa kijani. Siku mbili baadaye yote yameshanyauka na kuangusha petali, na hakuna jicho linaloweza kusema lipi lilitangulia. Uzi peke yake ndio unaojua. Vibarua wanayakata, yanatiwa kwenye spiriti, kisha mama yako anazitoa mbegu changa, anazikata nyembamba na kuandika lebo: uzi mwekundu siku ya pili, wa kijani siku ya tatu.

Sasa nikwambie ambalo hata cheti changu cha uzamivu hakilijui. Mimi ni kipofu wa rangi. Nyekundu na kijani kwangu ni ndugu pacha. Nawatofautisha wakisimama pamoja juani, na hata hapo kwa kubahatisha. Nilipoingia chuo walitupima kwa kitabu cha madoadoa chenye namba ndani yake. Rafiki yangu aliyetangulia kuingia alitoka akaninong'oneza namba zote kwa mpangilio, nami nikazitaja kama shairi. Daktari akanisifu kwa wepesi. Tangu siku hiyo nimeishi kwa kukariri. Ua la jana silijui kwa rangi, nilikuwa naligusa. La jana limelegea na ncha zake zimejisokota. Wenzangu walidhani ni mbwembwe za kitaalamu.

Nyuzi hakuambiwa na mtu. Mwezi wake wa kwanza aliniona nimesimama juani na madonge mawili ya uzi, nikiyageuza. Kuanzia kesho yake, kila asubuhi kabla hatujatoka, alikuwa analichukua koti langu msumarini, anatia donge jekundu mfuko wa kulia na la kijani mfuko wa kushoto, kisha ananishikilia nivae. Miaka minne. Sikuwahi kumshukuru, kwa sababu kushukuru kungekuwa kukiri.

Asubuhi ile koti nilijitilia madonge mwenyewe.

Nilidhani nimepatia. Matokeo yalipokuja yamepinduka, niliamini kwa moyo mmoja kwamba mama yako, akiwa ametoka hospitali hajalala siku tatu, amekosea kuandika lebo. Ndivyo nilivyomwambia mkuu. Ilipita miaka tisa mpaka nilipokwenda kupimwa miwani, daktari wa macho akanifumania, nami nikiwa njiani kurudi ndipo nikaiona asubuhi ile upya. Wakati huo mama yako nilikuwa simjui alipo. Ningeweza kumtafuta. Sikumtafuta.

Kwa hiyo, binti, nadhani ni yote. Nadhani.

Lenzi

6 Aprili

Shikamoo Babu,

Nimemwambia mama. Nilijiandaa wiki nzima, nikamsomea barua zako mbili akiwa anachambua maharage, kwa sababu mikono yake ikiwa na kazi anasikiliza vizuri. Nilipofika kwenye lile la macho yako aliacha kuchambua. Nikangoja alie. Akacheka, Babu, akacheka mpaka akaniomba maji. Akasema hayo ya kitabu cha madoadoa hakuwa anayajua, na kwamba sasa anaelewa kwa nini siku moja ulikuja kazini na soksi moja nyekundu na moja ya kijani, na kituo kizima kikasema hivyo ndivyo wasomi wanavyovaa.

Baadaye alirudi kwenye maharage yake. Nikamuuliza kama ana uchungu nawe.

"Wa nini?" akasema. "Alikuwa hajui."

Nilitaka kukuchukia, nikwambie ukweli, na nilikuwa nimeshachagua maneno. Lakini mama amenipokonya. Mtu aliyemruhusu aniwahishe hospitali na kumsainia, halafu akakosea bila kujua na akamhukumu bila kujua, huyo nitamchukia kwa lipi? Ulichelewa kumtafuta, na hilo utajibu mwenyewe. Mengine nimeyaacha.

Ila "nadhani" yako imenikwamisha. Mkuu wa maabara ni mama mmoja mfupi mkali ambaye hajawahi kuniambia hapana kwa sentensi yenye maneno zaidi ya matano. Nilimweleza habari ya mifuko. Akauliza ulijuaje kwamba madonge yalikuwa yamebadilishana mifuko. Nikamwambia ulikisia miaka tisa baadaye kutokana na macho yako. Akasema mtu asiyeona rangi angeweza kuwa amechanganya ovyo, donge hili mara mkono huu mara ule. "Lete aliyeona," akasema. Hakuna aliyeona. Kulikuwa na wewe na maua.

Fikiri tena, Babu. Pengine kuna kitu siku ile, mtu uliyeongea naye, uzi uliobaki. Nimebakiwa na wiki tatu. Na si sura yangu tu. Slaidi zile zikikubaliwa, jina la aliyezikata linaandikwa juu kabisa, na lile neno lako la pembeni linafutwa rasmi. Mama anasema yeye hataki kuandikwa popote. Lakini nilimkuta jana amezitoa picha za slaidi nilizomchapishia, ameziegesha kwenye kopo la sukari, anazitazama.

Amekataa nimwandikie. Ameomba karatasi yake mwenyewe, nimeiweka humu bila kuisoma.

Binti wa Nyuzi

6 Aprili

Mzee Lenzi,

Shikamoo. Mimi ni mzima, mguu mmoja unanisumbua, mwingine unauonea huruma mwenzake. Mtoto uliyenipa ruhusa kwa ajili yake ndiye huyu anayekuhangaisha. Kichwa amechukua kwangu, ubishi sijui ameuokota wapi.

Amenisomea barua zako. Nikaona na mimi niseme langu, maana nimekaa nalo.

Niliporudi kutoka hospitali nilikaa kwenye hadubini nikaanza na pamba ya kawaida. Chupa ya kwanza tu nikajua. Za uzi mwekundu seli zimerefuka, za kijani vivimbe tu. Nikasema moyoni, haya, Mzee kajivalisha mwenyewe. Nikakuletea, nikakwambia hesabu zimerudi nyuma. Ulikuwa umesimama dirishani. Ukaniambia nirudie kuhesabu. Nikarudia siku nane, nikitumaini utakumbuka asubuhi ulivyovaa koti. Mimi kukutamkia mbele ya watu kwamba huoni rangi, nisingeweza. Wangekuondoa. Na ukiondolewa wewe, nani angebaki anajua kwamba seli zile zina adabu kuliko watu? Ulikuwa ukiniita nije nitazame, unasema tazama hii inavyonyanyua kichwa, hakuna aliyeiita. Nilitoka shule darasa la nane. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniita nitazame kitu.

Mkuu alipotuita, akauliza kosa ni la nani, ukasema lebo aliandika msaidizi. Nikakutazama. Nikaona uso wako umetulia, nikasema huyu haelewi kabisa. Ningesema sikuwepo siku ile, ungeulizwa kwa nini umenisainia, na tungetoka wawili. Nikaona bora nitoke mmoja.

Nilivyoondoka nililia, nisikudanganye. Lakini sikukulilia wewe. Kila mtu aliyeniuliza habari za mkubwa wangu wa zamani nilimwambia alikuwa mtu wa haki. Mwanangu nimemlea na neno hilo. Kama ningejua kwamba ulijua, nisingekaa kimya hata dakika moja, ningekuvua koti pale pale mbele ya Kipara mwenyewe. Lakini mtu haulizwi asichokijua. Basi usijitese. Lala vizuri, unywe dawa, na soksi mwambie muuguzi akuchagulie.

Huyu mtoto anataka uhakika. Kama hauna, hauna. Mwambie hivyo, atalia kidogo kisha ataanza nyingine.

Nyuzi

22 Aprili

Nyuzi, na binti yako akiwa karibu,

Marahaba, mama. Barua hii nimeiandika kwa siku sita, mistari michache kila siku. Muuguzi ananipandisha kwenye mto, ananishikia karatasi, anageuza uso. Nimemwambia ni ya kazi.

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko inavyofaa. Ile ya kukuita uje utazame nilikuwa nimeisahau, ukanirudishia chumba kizima: kioo cha hadubini tulichokigeuza kufuata jua, harufu ya spiriti vidoleni, wewe umefumba jicho moja na kuuma ulimi. Ilikuwa ni mbegu ya pamba ya kawaida, asubuhi ya ua kufunguka. Ngozi yake ilikuwa tambarare kama sakafu iliyopigwa deki, na juu yake vivimbe vya mviringo, vimetawanyika, kila kimoja na nafasi yake. Ukaniuliza hao wengine wamekosa nini. Nikakwambia hawajakosa kitu, hawakusikia tu. Nimefundisha vyuo vitatu baada ya hapo na sikuwahi kuulizwa swali zuri kama hilo.

Ningependa kufa na barua yako hiyo mkononi, kama ilivyo. Nilitaka kumwandikia binti kwamba sina uhakika, ndivyo ulivyoniruhusu, na mambo yangeishia hapo. Nilianza kuiandika. Lakini yeye ameuliza, aliona nani. Na wewe umesema mtu haulizwi asichokijua.

Binti, andika ni yote, mia tatu na kumi na mawili, bila hata moja kubaki. Mkuu wako akitaka kujua umejuaje, mpe ukurasa huu.

Siku ile nilianza mstari wa kwanza saa moja asubuhi na kumaliza saa saba. Koti sikulivua, na madonge sikuyahamisha mifuko. Mkono wa kulia ulichukua kulia na wa kushoto ukachukua kushoto, kwa mazoea ya miaka minne. Maua niliyagusa moja moja na umri wake niliupatia. Nilikwenda nyumbani kula nikiwa nimelivaa koti hilo hilo. Nikalivua, nikalitundika kwenye kiti. Mke wangu, Mungu amrehemu, alikuwa anashona, na alikuwa na gauni la mteja ambalo pindo lake lilipungukiwa uzi. Akatia mkono kwenye mfuko wa kulia wa koti langu, akatoa donge, akaniuliza kama anaweza kukata kipande cha hili la kijani.

Nikamwambia hilo ni jekundu.

Akalishika dirishani, akacheka. Akasema, "Hili likiwa jekundu, basi majani yote ya huko nje ni mekundu." Akakata alichohitaji, akalirudisha mfukoni, akaendelea kushona. Hakujua alichoniambia. Hakuwahi kujua.

Maua yalikuwa bado yamesimama shambani. Yasingekatwa mpaka keshokutwa. Ningeweza kurudi kwa miguu robo saa nikabadilisha nyuzi, au nikaandika mstari mmoja daftarini, kwamba leo nyekundu isomwe kijani. Mstari mmoja tu. Lakini angeuliza mtu kwa nini, na wiki ile ile walikuwa wanamtafuta wa kuongoza idara, na jina langu lilikuwa la kwanza. Nikajiambia nitaandika kesho. Nilimaliza kula. Nililala kidogo, kama kawaida yangu.

Ulipokuja kuniambia hesabu zimerudi nyuma nilikuwa dirishani kwa sababu sikuweza kukutazama. Nilikwambia urudie kwa sababu nilikuwa natafuta siku za kufikiri. Uso wangu ulitulia mbele ya mkuu kwa sababu nilikuwa nimeufanyia mazoezi. Yule daktari wa macho wa miaka tisa baadaye hayupo, Nyuzi. Nilimbuni mwezi uliopita, kwa ajili ya binti yako, na nilipoona amemwamini nilifurahi.

Nilijua siku ile ile, chakula kikiwa mezani. Na siku ishirini na tatu baadaye, barua ya kukuachisha kazi ilipowekwa mbele yangu, niliisoma yote, nikatia sahihi nikijua.

Lenzi